Bomba la tisini: barua ya wazi kwa wanaojenga barabara za Kusini

Waheshimiwa mnaosaini mikataba ya barabara na madaraja ya Lindi na Mtwara, nanyi wakurugenzi wa makampuni ya ujenzi mnaokaa upande wa pili wa meza hiyo,

Shikamooni mlionizidi umri. Mliobaki, hamjambo.

Naandika kutoka Mtanda, Lindi mjini. Mimi ni fundi sanifu mstaafu wa barabara. Kwa miaka 31 nilipima udongo, nikahesabu mabomba ya kalavati, yale ya kupitishia maji chini ya barabara, nikasimama juani kuangalia zege likimwagwa, na mara mojamoja nikatia saini mahali ambapo leo nisingetia. Barua za ndani nimeandika nyingi, zenye nambari ya kumbukumbu juu kulia, na nyingi zililala makabatini. Hii naiacha wazi ili isipate pa kulala.

Mnaikumbuka Mei ya 2024. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia Jumamosi ya tarehe 4. Huku tulishafunga madirisha na kuvuta mashua juu, upepo ukapita umeshachoka, tukapumua. Maji ndiyo yaliyotumaliza. Barabara ya Dar es Salaam ikakatika Somanga, ikakatika Mikereng'ende, ikakatika na kwingine humohumo wilayani Kilwa, na mikoa miwili ikabaki upande wa huku kana kwamba Daraja la Mkapa halijawahi kujengwa. Binti yangu alikuwa ndani ya basi. Alilala Somanga siku tatu akila samaki wa kukaanga asubuhi, mchana na usiku, na mpaka leo ukimwekea samaki wa namna hiyo anageuza uso. Mwenye gari lake na haraka yake alizunguka Morogoro, Iringa, Njombe, Songea, Tunduru na Masasi, zaidi ya kilomita 1,500 kufika Mtwara badala ya 560 hivi. Waziri wa Ujenzi wa wakati ule alikuja akapiga kambi, vijiko na malori ya mawe yakafanya kazi usiku na mchana, njia ikafunguka. Kwa hilo nasema asante, na naisema kwa moyo, maana naijua kazi ya kujaza mawe kwenye maji yanayokimbia. Lakini Aprili ya mwaka uliofuata Somanga ikakatika tena.

Vijana hawajui tulikotoka. Kabla ya Agosti 2003, lilipofunguliwa lile daraja la mita 970, Rufiji tuliivuka kwa kivuko pale Ndundu, na mvua zikikolea Kusini ilikuwa kisiwa. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kilichukua miaka na miaka kuwekwa lami. Kwa hiyo mtu wa Lindi akisikia "barabara imekatika" haisikii kama habari ya usafiri. Anasikia kwamba tumerudishwa kisiwani.

Kilichonishikisha kalamu safari hii ni mpwa wangu. Amesomea uhasibu, na kwetu Wamwera mpwa hamnyimi mjomba wake muda. Alikuja likizo akanikuta na daftari langu la mvua, lile ninaloandika kila asubuhi maji yaliyokusanyika kwenye kopo uani. Akaniambia, "Mjomba, wakubwa wa kazi yako wenyewe huandika hivi," akanifungulia kwenye simu taarifa ya mwaka 2024 ya Vinci, kampuni ya Ufaransa ya ujenzi na miundombinu, miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Tulikesha nayo, yeye akitafsiri na mimi nikiuliza maswali ya mtu wa chepe.

Mapato ya mwaka huo ni euro bilioni 71.6. Mpwa akapiga hesabu akasema yanakaribia pato la taifa letu zima. Kazi zilizokwisha kusainiwa ambazo bado hazijafanywa, ambazo ndizo wenye hisa huzitazama kuijua kesho yao, ni euro bilioni 69.1. Halafu ikaja sura ya mazingira. Wameahidi kwamba ikifika 2030 hewa ya ukaa inayotoka kwenye shughuli zao wenyewe itakuwa imepungua kwa asilimia 40 kulinganisha na 2018, na kwamba asilimia 90 ya zege la tawi lao la ujenzi litakuwa la kaboni ndogo, yaani la saruji inayotoa hewa ya ukaa kidogo. Siwataji kwa ubaya. Afadhali mwenye kuandika tarehe na namba kuliko mwenye kupaka bango rangi ya kijani.

Kilichonikamata mimi kilikuwa kingine. Kazi ya kujenga yenyewe inawaachia faida nyembamba, kama shilingi 4 katika kila 100. Faida nene inatoka kwenye barabara za kulipia na viwanja vya ndege wanavyovishika kwa mikataba ya miongo. Mikataba yao mikubwa ya barabara huko Ufaransa inaisha kati ya 2032 na 2036, na mpaka siku hiyo mtaro ukiziba hasara ni yao, tuta likimomonyoka hasara ni yao. Nikamwambia mpwa, hapo sasa umenionyesha kitu. Mtu anayejenga barabara kisha akabaki nayo hawezi kupona kwa kuweka bomba dogo.

(Niwahi kusema kabla hamjanielewa vibaya: siombi mtujengee vibanda vya kutoza pesa Nangurukuru.)

Nina kisa cha bomba. Miaka ya tisini nilikuwa kwenye kazi moja ya barabara huku Kusini. Mkandarasi simtaji, mwenye kazi simtaji, na wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Palikuwa na kijito ambacho ikifika Juni unakiruka bila kukunja suruali. Mchoro ulisema bomba la kipenyo cha sentimita 120. Bei zilipobana, kikao kikaamua la 90 litatosha. Vipimo vya kukiunga mkono kikao nilivichukua mimi, mwezi Agosti, kijito kikiwa vumbi tupu. Mzee mmoja alikuwa anapulizia salfa mikorosho yake jirani na pale, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Akatujia, akatuonyesha mkwaju ulio juu kabisa ya ukingo. "Wanangu, maji ya hapa hukaa miaka hayaji. Yakija hufika pale." Tulimwamkia, tukamshukuru, alipogeuka tukacheka. Mhandisi akasema mzee anatusimulia gharika ya Nuhu.

Asiye fundi atadhani kutoka 120 kwenda 90 tumepunguza robo. Sivyo maji yanavyohesabu. Kwa mteremko uleule, bomba la 90 hupitisha chini ya nusu ya maji ya lile la 120. Tuliokoa robo ya bomba, tukauziba nusu ya mto. Maji yakaja, sikumbuki vizuri kama ni mwaka wa tatu au wa nne, yakajaa upande wa juu, yakapanda tuta na kuanza kulitafuna upande wa pili yanakoangukia. Watu hudhani tuta husukumwa na maji likaanguka. Mara nyingi huliwa kwa nyuma, kidogokidogo, kama mkate unavyoliwa na panya, na ukija asubuhi bomba lako zima limelala kando peke yake na barabara haipo. Mzee alikuja kuangalia. Hakusema neno.

Tangu siku ile kila nikipita kwenye kalavati natazama kwanza miti ya kando. Takataka zilizonasa kwenye matawi ndizo kipimo changu, na nimejifunza kuziamini kuliko michoro mingi.

Sasa niwaombe tuelewane kuhusu neno moja ambalo naona linapoteza watu hata kwenye meza za maamuzi: "mafuriko ya miaka 50". Mtu akilisikia anadhani yakija leo tumepata mapumziko ya miaka 50. Maana yake ni kwamba kila mwaka, bila kujali mwaka jana ulikuwaje, pana nafasi moja katika 50 ya maji hayo kuja. Daraja likikaa miaka 30, uwezekano wa kukutana nayo walau mara moja ni karibu asilimia 45. Ni kama kurusha shilingi. Na hapo tumedhani mvua za leo ni zilezile za babu zetu. Hewa ikiongezeka joto nyuzi moja tu hubeba unyevu zaidi kwa asilimia 7 hivi, na inachobeba lazima ikimwage mahali. Chukulieni maji yaliyokuwa ya miaka 50 yamekuwa ya miaka 20: daraja lilelile, kwa miaka 30 ileile, sasa lina uwezekano wa karibu asilimia 79. Sisemi kila mto wa Lindi umefika huko. Nasema mwulizeni mhandisi mshauri wenu ametumia mvua za kutoka mwaka gani hadi mwaka gani. Kama karatasi zake zinaishia miaka ya sabini, amesanifu daraja la nchi iliyokwisha.

Tena vimbunga kwetu si wageni wa jana. Lindi ilipigwa Aprili 1952, na wazee waliokuwapo walikihesabia kimbunga kile umri wa watoto wao. Aprili 2019 Mtwara yote ilikaa macho ikimsubiri Kenneth, akateremka Msumbiji, akawaumiza jirani zetu wa Cabo Delgado. Miaka mitano baadaye akaja Hidaya. Anayesema "hatukutegemea" aseme yeye peke yake.

Nirudi kwenye ukijani, maana najua siku hizi zabuni kubwa zinazopita kwa wafadhili zinauliza habari hiyo. Saruji inatengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Sisi tunaye jirani, kiwanda cha Dangote pale Msijute, kilichozinduliwa 2015 na chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, na mwaka 2018 kikaunganishwa na gesi yetu. Hilo jema, kwa sababu kwa joto lilelile gesi hutoa hewa ya ukaa karibu asilimia 60 tu ya ile ya makaa ya mawe. Ila jiwe lenyewe likichomwa linatoa hewa hiyo, hata ulichome kwa kuni takatifu. Zaidi ya nusu ya uchafuzi wa saruji unatoka ndani ya jiwe, hautoki kwenye moto.

Kwa hiyo piga hesabu ya mtu wa kijijini. Kalavati boksi, lile la zege lenye umbo la sanduku, la wastani likila mita za ujazo 100 za zege, limekula kama tani 35 za saruji, sawa na tani 20 hivi za hewa ya ukaa, hapo hujaweka nondo, kokoto wala dizeli. Likichukuliwa na maji likajengwa upya, ni 40. Ongeza malori yaliyozunguka Songea wiki nzima. Hakuna saruji ya kaboni ndogo inayoweza kufidia kalavati lililojengwa mara mbili. Mkinionyesha cheti cha kijani cha daraja la pili nitawauliza la kwanza liko wapi. (Na nikiwa hapohapo: makaa ya mawe ya Ruvuma yanapita usiku kwa malori kwenda bandari ya Mtwara, yakiikandamiza lami ya Masasi mpaka inafanya mifereji. Tunaambiwa dunia inayaaga makaa. Huku kwetu yanaaga kwa kupitia barabarani.)

Sasa ombi langu, na kimsingi ni moja tu ingawa lina mikono mingi. Fedha ya mwisho ya mkandarasi ifungwe na maji, isifungwe na kalenda.

Leo mkandarasi akikabidhi kazi, kinaanza kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, kisha anachukua sehemu ya malipo iliyobaki na kuondoka. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili na kidogo Mei. Mwaka mmoja una maana ya msimu mmoja, na ukiwa msimu wa ukame kalavati halijajaribiwa kabisa. Limekaguliwa na vumbi. Wekeni misimu mitano, au kumi kwa madaraja. Wekeni mkataba wa kujenga na kutunza, mkandarasi alipwe kidogokidogo kila mwaka mradi njia inapitika na mitaro iko wazi. Atapandisha bei, najua, mkurugenzi wa fedha atapiga kelele. Ila bei hiyo tunailipa tayari, tofauti ni kwamba tunailipa Mei, usiku, kwa mawe ya dharura.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa barabara zinazokuja. Juni 2023 ilisainiwa mikataba ya barabara 7 zenye jumla ya kilomita 2,035, ikiwamo Masasi–Nachingwea–Liwale, kilomita 175, kwa utaratibu wa mkandarasi kusanifu, kujenga na kutafuta fedha, Serikali ilipe baadaye. Sina ugomvi na utaratibu huo; mkopo ni mkopo. Ila angalieni neno la kwanza, kusanifu. Anayechagua upana wa bomba ndiye huyohuyo anayenunua bomba. Kama hana kinachomrudisha kwenye bomba lile baada ya miaka mitano, mmempa kisu na nyama na kumwambia ajikatie. Mnivata–Newala–Masasi nako, kilomita 160, makorongo ya kushuka kutoka uwanda wa Makonde hayahitaji kimbunga. Mvua moja ya saa mbili inayatosha.

Pili, fomu ya zabuni. Nimejaza nyingi nikiwasaidia wakandarasi wadogo baada ya kustaafu. Inauliza wastani wa mapato ya mwaka, inauliza mitambo, inauliza kazi zinazofanana ulizokwisha kufanya. Haiulizi kazi hizo leo zikoje. Ongezeni mstari mmoja: madaraja na makalavati uliyoyajenga miaka 10 iliyopita, mangapi yamesimama, mangapi yamepitiwa na maji juu, mangapi yameondoka. Mwenye jibu zuri mpeni alama, hata kama mapato yake ni madogo. Taarifa za mwaka zimejaa mapato na kazi zilizosainiwa, na sijaona hata moja yenye ukurasa wa makalavati yaliyoondoka na maji.

Na lile bango la mradi la kando ya barabara, lenye jina la mwenye kazi, mshauri, mkandarasi, mfadhili na gharama: liandikwe pia daraja hili limesanifiwa kwa maji kiasi gani na kwa mvua za miaka ipi. Hapo mzee wa salfa atakuwa na kitu cha kubishania kabla zege halijakauka.

Wazee waulizwe, tena waulizwe kwa karatasi. Mikutano ya kijiji ninayoijua ni ya fidia na ajira za vibarua. Swali la "maji hufika wapi" haliulizwi, na likiulizwa haliandikwi. Kuna kina mama Kilwa wanaoweza kukuonyesha alama ya maji ya Hidaya kwenye ukuta wa jiko kwa kidole. Hiyo ni data, na ni ya bure.

Mashimo ya changarawe sitayasemea sana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu 2004, bei ya kuyafukia huwa ndani ya mkataba, mnayaacha, watoto wanaogelea humo na mbu wanazaliana. Mnajua. Mchanga unaochotwa chini ya madaraja nao ni hivyohivyo: nguzo inabaki imesimama juu ya meno yake. Na mikoko mnayoifyeka kupitisha vijiko, kumbukeni ndiyo iliyokuwa inapunguza kasi ya maji kabla yenu.

Wakurugenzi, najua mnapoitazama Kusini mnaona kazi. Mnaona mradi wa gesi wa Likong'o unaotajwa kwa mabilioni ya dola, mnaona reli ya Mtwara kwenda Mbamba Bay iliyoko kwenye mipango, mnaona bandari. Matarajio mazuri, na mimi ningekuwa kijana ningeomba kibarua. Mwenye umri wangu lakini anakumbuka reli ya kwanza ya Mtwara, ile ya karanga za Nachingwea, iliyojengwa na Waingereza na kung'olewa mataruma yake mwanzoni mwa miaka ya sitini. Tumeshazoea kuona vitu vikija na kuondoka. Kazi kubwa iliyo mbele yenu huku, mkitaka kujua, haina sherehe ya kukata utepe: ni kupanua mabomba, kunyanyua matuta, kuweka mawe upande ule maji yanapoangukia. Haipigwi picha vizuri.

Nimelipiga chapa daftari langu la mvua, kurasa za misimu tisa, na nakala nimeiacha ofisi ya mtaa kwa yeyote wa kwenu atakayeihitaji. Mkitaka kuja kuona msije Agosti, Agosti kila kalavati ni zuri. Njooni Machi. Bomba la tisini lilishabadilishwa zamani, sasa pana boksi, na mkwaju bado upo. Mwaka jana niliupaka mstari wa rangi nyeupe pale maji ya Hidaya yalipofika. Mstari uko usawa wa kifua changu, na kutoka hapo hadi juu ya boksi jipya nimepima: sentimita 40 tu zimebaki.

Wenu,
Fundi sanifu mstaafu,
Mtanda, Lindi